Anti, tuuze miti ya marehemu baba nikawe joki Dubai?

SWALI

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 19 niko huku Mufindi, form four nilimaliza mwaka juzi nikapata divisheni foo, sasa hivi nafanya kazi kwenye shamba moja lina farasi, wageni wanakuja wanapanda tunawazungusha kwenye chai na msituni. Nilianza kama kibarua wa kukata majani na kutoa samadi bandani, baadae wakaona farasi wananizoea wakanifundisha kupanda, saivi mi ndo naamka alfajiri nawapa chakula, nawasugua, nawafunga tandiko, na wageni wakiwa wazoefu natoka nao mwenyewe. Anti sijawahi kupenda kitu kama hiki. Kuna farasi jike mmoja mwekundu anasumbua kila mtu, akiona lijamu anapandisha kichwa juu hawamfikii, lakini mi nikiingia anashusha kichwa mwenyewe.

Mwaka jana alikuja mgeni mzee kutokea Nairobi, zamani alikuwa na farasi wa mbio, akaniangalia nikimkimbiza yule jike akasema una mikono mizuri na umbo la joki. Joki nilikuwa sijui ni nini, kumbe ni mtu anayepanda farasi kwenye mbio za mashindano. Nikaanza kuangalia YouTube usiku mpaka bando linakata, nikaona Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi za Marekani, nikaona na zile mbio za Dubai wanakimbia usiku chini ya taa zawadi dola milioni 12, tokea hapo akili yangu haijatulia.

Sasa baba mdogo amempata jamaa mmoja yuko Dar anasema yeye ni ajenti, wanaongea WhatsApp tu hatujawahi kumuona. Anasema ananipeleka Dubai naanza moja kwa moja kama joki, mshahara dola 1,500 kwa mwezi na asilimia za ushindi, mkataba miaka mitatu. Anataka milioni nne na nusu ya viza, vipimo, lisensi ya joki na tiketi, na nusu yake iwe imeingia kwenye namba ya simu kabla ya mwisho wa mwezi maana nafasi zimebaki mbili. Hela hiyo hatuna. Tulichonacho ni ekari tatu za misonobari alizopanda marehemu baba, ina miaka tisa, na kuna mnunuzi wa Mafinga ameshakuja kuangalia anasema anatoa milioni tano yote. Mama haongei, ukimuuliza anasema tu miti ile ni ya watoto wote, na mdogo wangu wa kike yuko form two. Baba mdogo anasema nikiacha hii bahati nitanuka samadi maisha yangu yote.

Halafu kuna uzito. Nina kilo 54 na urefu sentimita 168 hivi. Ajenti kasema nishuke mpaka 48 kabla ya vipimo. Kwahiyo nakula mara moja tu usiku, asubuhi chai kavu, mchana nakimbia nimevaa koti la mvua nitoe jasho. Wiki iliyopita natoa farasi bandani macho yakaingia giza nikadondoka mbele yake, nashukuru Mungu alisimama hakunikanyaga. Mama sijamwambia.

Naomba uniambie Anti, hii kazi ipo kweli kwa mtu kama mimi mweusi wa kijijini? Tuuze miti? Na huyu ajenti nimjibu nini maana anapiga kila siku.

Kijana wa Mufindi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla ya Dubai na kabla ya miti naanza na kudondoka kwako. Leo usiku kula ushibe. Kesho asubuhi usiingie bandani bila uji au chai yenye kitu cha kutafuna, na lile koti la mvua liache litumike siku ya mvua. Farasi ana kilo mia nne na hamsini, mia tano, akishtuliwa na mbwa au nailoni inayopeperuka haangalii nani kalala chini, huyo jike wako alisimama siku ile mshukuru Mungu lakini usimpe jaribio la pili. Pita zahanati wakuangalie damu na presha, na mama umwambie, tena umwambie leo, asije akasikia kwa watu wa shambani.

Sasa miti. Msiuze. Na sababu yangu ni moja ambayo ukiielewa utaweza kumjibu mtu yeyote atakayekuja na dili la namna hii: hakuna anayeanza kama joki. Hakuna popote duniani. Kuna joki maarufu Frankie Dettori, lazima umemuona kwenye vidio za Dubai, ameshinda Dubai World Cup, hizo hizo mbio zako za usiku, mara nne, na mwaka 1996 kwenye uwanja wa Ascot Uingereza alishinda mbio zote saba za siku moja, baba yake mzazi alikuwa joki bingwa wa Italia. Mtoto wa bingwa! Na bado mwaka 1985 alipelekwa Newmarket Uingereza akiwa na miaka 14 akawekwa kwenye mabanda ya treina, yaani mwalimu anayewaandaa farasi wa mbio, kama kijana wa kazi, anatoa samadi, anasugua farasi wa watu, anapanda mazoezini alfajiri. Kama mtoto yule alianzia bandani, wewe huyo jamaa wa Dar anakuanzishaje juu?

Halafu hiyo lisensi anayokuuzia. Lisensi ya joki haina duka. Inatolewa na mamlaka ya mbio ya nchi husika, Kenya ni Jockey Club of Kenya, Uingereza ni British Horseracing Authority, Falme za Kiarabu, ndiko Dubai iliko, ni Emirates Racing Authority, na wanaitoa kwa mtu waliyemuona akipanda, mwenye treina anayemsimamia na daktari aliyempima. Joki akitoka nchi moja kwenda kupanda nchi nyingine anadaiwa barua ya mamlaka ya kule alikotoka, inayosema huyu tunamjua, lisensi yake iko hai, hana adhabu anayoikimbia. Sisi Tanzania hatuna hizi mbio za kulipwa za Thoroughbred, yaani farasi wa damu ya mbio, hatuna uwanja wake. Sasa barua yako angeiandika nani? Muulize ajenti swali hilo moja tu.

Sisemi Ghuba, yaani Dubai na majirani zake Waarabu, hakuna kazi za farasi, zipo na ni nyingi, za usaisi, yaani kuhudumia farasi bandani, na za kupanda mazoezini. Lakini sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri, viza na tiketi ni juu yake. Mwajiri wa kweli anayekutaka hakutumii namba ya simu utume nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Hizo nafasi mbili zilizobaki zitakuwa mbili hata mwezi ujao. Na hiyo kilo 48 imenitia hofu kuliko hela yenyewe mwanangu, maana Ghuba ina historia ya watoto wadogo waliopelekwa kutoka Pakistan, Bangladesh na Sudan kukimbiza ngamia kwa sababu tu ni wepesi, wengine walinyimwa chakula ili wabaki wepesi, ndo 2005 Falme za Kiarabu wakapiga marufuku yeyote aliye chini ya miaka 18 na siku hizi ngamia wanabebeshwa roboti. We ni mtu mzima na farasi si ngamia, lakini mtu anayekuambia ujinyime chakula kabla hajakuuliza umewahi kupanda farasi wa aina gani, huyo anatafuta mzigo mwepesi, joki hamtafuti.

Ajenti halali wa ajira za nje ana kibali cha serikali. Nendeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au ofisi ya kazi hapo mkoani mkaulize jina lake. Nina wasiwasi hata jina lake kamili hamlijui.

Sasa nakuja kwenye swali ulilouliza kwa uchungu, kama kazi ipo kwa mtu mweusi wa kijijini. Ipo, na imekuwepo kabla ya babu zetu. Kentucky Derby unayoangalia YouTube, ya kwanza kabisa mwaka 1875, walipanda majoki 15 na 13 kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis, mweusi. Akaja Isaac Murphy akashinda Derby tatu, 1884, 1890 na 1891, akaja Jimmy Winkfield akashinda mbili mfululizo 1901 na 1902. Baada ya hapo ubaguzi ukawasukuma nje wote, si kwamba walishindwa kupanda. Karibu na kwetu, Afrika Kusini, S'manga Khumalo alishinda Durban July, mbio kubwa ya kule, mwaka 2013 juu ya farasi anaitwa Heavy Metal, joki mweusi wa kwanza kuishinda ile mbio, na msimu uliofuata akawa joki bingwa wa nchi nzima. Kwahiyo rangi yako na kijiji chako mimi sivihesabu kabisa.

Ninachohesabu ni mikono. Yule mzee wa Nairobi alikuambia vitu viwili, mikono mizuri na umbo, naona we umebeba hilo la umbo ukaanza kufa njaa nalo, na lile la mikono ambalo ndilo la thamani umelipita tu. Umbo dogo Mufindi nzima lipo, nenda stendi ya Mafinga utawakuta vijana mia wa kilo 50. Farasi mgumu kushusha kichwa akakupa mdomo uweke lijamu, hilo halipo kwa mia hao. Wenye farasi wanalitafuta hilo.

Nimeishi Nairobi miaka kadhaa na shemeji yangu mmoja alikuwa saisi kwenye mabanda ya treina, Jumapili tulikuwa tunaenda Ngong Racecourse kuangalia, kwahiyo ninachokueleza nimekiona. Uwanja ule upo tangu 1954 na mbio Kenya zilianza zamani zaidi, 1904. Majoki wengi niliowaona pale ni vijana wa Kikenya wa kawaida tu, na wapo walioingia kwa mlango wa usaisi. Saisi ndo anayelala na kuamka na farasi. Shemeji alikuwa saa kumi na moja alfajiri ameshafika, kitu cha kwanza hatoi hata maji, anachuchumaa pembeni ya farasi anapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia chini ya goti kushuka taratibu mpaka juu ya kwato, halafu mguu wa pili hivohivo, anasikiliza joto. Mshipa ule ukiwa na joto kidogo tu kuliko mwenzake farasi hatoki mazoezini siku hiyo, treina anaitwa. Saisi asiyejua kiganja chake kinasema nini anaweza kumuua joki kwenye mbio, maana mguu ukivunjika kwenye spidi ya kilomita sitini kwa saa wote wawili wanaenda chini. Hiyo kazi baba mdogo anaiita kunuka samadi. Nakuomba ujifunze uifanye hivo hapohapo ulipo kuanzia kesho asubuhi, bila ruhusa ya mtu wala hela.

Ukitoka usaisi unakuwa mpanda mazoezi, yaani unapewa farasi wa mbio alfajiri unamkimbiza jinsi treina alivyosema, leo polepole, kesho mita 800 za nguvu, na unatakiwa ujue spidi kichwani bila saa. Hapa hawaangalii sana kilo, wapo wapanda mazoezi wa kilo 60 na zaidi. Treina akikuona una kichwa kilichotulia ndo anakuombea lisensi ya joki mwanafunzi. Na mwanafunzi anapewa nafuu ya uzito ili wenye farasi wavutiwe kumpanga, kwa mfano Uingereza kwenye mbio za tambarare, zisizo na viunzi vya kuruka, farasi wako anapunguziwa ratili 7 mpaka ushinde mbio 20, halafu ratili 5 mpaka ufikishe 50, halafu 3 mpaka 95, ukipita hapo we ni joki kamili unabanana na wakubwa sawasawa. Ratili 7 ni kilo tatu na kidogo, kwenye mbio ni kitu kikubwa sana hicho, ndo maana wanafunzi wazuri wanapata farasi wengi, na ndo maana pia wengi wanapotea nafuu ikiisha. Ulijue mapema.

Vyuo vipo, British Racing School iko Newmarket, Ireland wana chao Kildare, Afrika Kusini wana akademi ya majoki ambako vijana wanaingia bado wako umri wa shule. We 19 umeshachelewa kidogo kwa baadhi ya hizo njia, nakuambia kweli usije ukasikia kwingine. Kwa kupitia mabanda hujachelewa.

Hela sasa. Joki wengi hawana mshahara kama alivyokuandikia huyo ajenti. Unalipwa ada kwa kila farasi unayepanda, ushinde usishinde, na ukishinda unapata asilimia ya zawadi, nchi nyingi ni karibu asilimia 10 ya ile ya mshindi. Mwenye farasi akichukua milioni moja we laki moja yako, farasi wako akija wa saba unaondoka na ada tu. Na Marekani kuna wakala wa kukutafutia farasi, anakata kama robo ya pato lako lote. Ukiumia hupandi, usipopanda huli. Na kuumia kupo: hii ni kazi ambayo gari la wagonjwa linakimbia nyuma yenu mbio nzima kila siku ya kazi. Mifupa ya mtulinga inavunjika kama jambo la kawaida, na kugonga kichwa ni kubaya zaidi maana hakuonekani. Usipande, hata mazoezini, hata kwa wageni wa chai hapo, bila helmeti iliyofungwa kidevuni.

Narudi kwenye uzito maana hapa watu wamekufa. Fred Archer alikuwa joki bingwa wa Uingereza mara 13, mrefu kuliko kazi ilivyotaka, akawa anajinyima na kunywa madawa ya kuharisha ili ashuke. Mwaka 1886, akiwa amedhoofishwa na njaa na homa na majonzi ya mkewe aliyefariki, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 29. Huyo Isaac Murphy niliyemtaja naye alihangaika na kupanda na kushuka kilo mpaka mwili ukachoka, alifariki 1896 na miaka 35. Hesabu yako wewe ni hii: kwenye Kentucky Derby farasi dume anabeba ratili 126, yaani kilo 57 hivi, joki pamoja na tandiko lake. Tandiko la mbio ni jepesi sana. Mtu wa kilo 52 au 53 anaingia humo vizuri. Una 54, hauko mbali hata kidogo! Kwa urefu wako wa 168 kushuka 48 ni kujiua polepole, na misuli ya mapaja itakayokushikilia juu ya farasi ndo itaanza kuondoka. Na ukiendelea kukua mpaka kilo zikagoma, kuna mbio za kuruka viunzi Uingereza na Ireland ambako uzito unaanzia kilo sitini na kitu kwenda juu. Kula maharage, dagaa, mayai, mboga, ugali wa kawaida. Punguza ulanzi kama unakunywa.

Kitu cha kufanya badala ya kukimbia na koti: omba ruhusa kwa bosi wako, siku wageni hawapo, ufupishe vikuku vya tandiko, vile vyuma vya kukanyagia, mpaka magoti yako yakae juu karibu na mabega ya farasi, halafu umtembeze kwa mwendo wa kukimbia mdogo ukiwa umesimama kwenye vikuku, makalio hayagusi tandiko, mgongo umelala, hatamu umezipishanisha kwenye viganja na ngumi zimetulia juu ya shingo. Mbio ya mita 1600 inachukua kama dakika moja na nusu na ushei. Utaona sekunde ya thelathini mapaja yanawaka moto na mikono inataka kuvuta mdomo wa farasi ili ujishikilie. Ukifika dakika mbili mikono haijamsumbua farasi hata mara moja, hapo mwambie mtu akurekodi vidio. Hiyo vidio ndo CV yako, ina thamani kuliko lisensi ya milioni nne. Anza na farasi mpole kwanza, huyo mwekundu muache mpaka uzoee.

Halafu muombe bosi wako namba ya yule mzee wa Nairobi. Aliyekusifia bila kukuomba hela ndo mtu wako, huyu wa Dar muache. Umuandikie kwa heshima, umtumie vidio, umuulize kama kuna treina anayehitaji saisi anayejua pia kupanda, na bosi akuandikie barua ya kukutambulisha. Nairobi kwa basi kupitia Dodoma, Arusha na Namanga ni nauli unayoweza kudunduliza kwenye mshahara wako mwenyewe, viza huhitaji maana ni Afrika Mashariki, ila ukipata kazi lazima kibali cha kazi kishughulikiwe na mwajiri, usikubali kufanya kazi kwa kujificha. Usiende kabla hujajibiwa. Usiache kazi ya sasa kabla ya jibu.

Na kuna jambo huku nyumbani nataka ulifikirie, si la kukukatisha tamaa. Nchi yetu farasi ni wachache kwa sababu ndorobo na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi unawamaliza, nyanda zetu za baridi ndo wanapumua kidogo. Wanaojua kumtibu farasi na kumtengeneza kwato ni wa kuhesabu. LITA, chuo cha serikali cha mifugo, wana kampasi Madaba, si mbali na Njombe, wanafundisha afya ya mifugo, chukua cheti chako cha form four uende ukaulize kama masomo yako yanakuruhusu. Joki akifika arobaini, au akivunjika mapema, anahitaji kitu cha kushika, na wanaobaki kwenye farasi maisha yao yote ni wale wanaojua miguu na kwato.

Kuhusu miti yenyewe. Msonobari wa miaka tisa ndo kwanza unanenepa, wenye subira huku kwetu wanavuna kuanzia miaka 15 na kuendelea, na bei ya sasa na ya wakati huo hazifanani hata kidogo. Huyo mnunuzi analijua hilo ndo maana amekuja haraka. Zaidi ya hapo hiyo ni mali ya marehemu. Kama familia haijateua msimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, baba mdogo hana mamlaka ya kuiuza, wala wewe huna, wala mama peke yake. Mama yako anaposema miti ni ya watoto wote anasema sheria ilivyo, hata kama hajasoma sheria. Mdogo wako wa form two ana ada na ana haki yake humo.

Baba mdogo usigombane naye. Naamini anakupenda na ameona mlango akataka upite. Mfuate jioni akiwa ametulia, tena uende na mtu mzima mwingine wa ukoo, umwambie, "Baba mdogo nakushukuru umenitafutia njia, nimeuliza kwa watu wanaoijua hii kazi, wameniambia lisensi hainunuliwi na mwajiri ndo analipa viza. Naomba tumuulize huyu ndugu maswali kabla ya kutuma chochote." Akisikia umesema tumuulize, mko pamoja, hatajisikia umemdharau.

Na ajenti umwandikie hivi, kwa maandishi, simu zake usipokee tena: "Habari. Naomba jina la treina na mabanda nitakayofanyia kazi, nakala ya mkataba wenye jina la mwajiri, namba ya kibali cha ofisi yako ya kupeleka watu nje, na barua ya mwajiri inayosema nani analipa viza na tiketi. Hela hatutumi kabla ya hivyo." Akikasirika au akipunguza bei, mblok, na ujumbe wake uwahifadhie polisi. Akileta jina la treina nitumie mimi, Emirates Racing Authority wanaweka mtandaoni majina ya matreina na majoki wao wenye lisensi, nitalitafuta humo siku hiyohiyo nikujibu.

Anti